Ng'ombe Wangu na Digrii ya Pili ya Mogaka

Kaka yangu Mogaka alirudi kutoka chuo kikuu mwaka wa sabini na tatu na digrii ya sosholojia, na kwetu hakuna aliyejua pa kuiweka. Kijana wa jirani aliyesomea dawa za mifugo alikuwa amerudi na sindano, na kesho yake watu wakampangia foleni na ndama zao. Mwingine alisomea upimaji wa mashamba, akarudi na miti yake yenye rangi nyeupe na nyekundu, na tangu siku hiyo hakuna mzee aliyempita barabarani bila kumsalimia kwa heshima, kwa sababu ya mipaka. Mogaka alirudi na suruali pana chini kama sketi, nywele alizozifuga mpaka kofia ikakataa kumwingia, na kiko kisicho na tumbaku, maana sisi ni Wasabato. Alikitia mdomoni hivyo hivyo kikavu, akawa anakinyonya anapofikiri.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, aliwaita majirani waje wanywe chai na kuiona digrii yenyewe. Walikuja, wakaiona. Mama yetu Bonareri alikuwa ameitundika juu ya kabati la vyombo, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi yangu. Baba mdogo Obwocha, ndugu yake Tata, aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo, akauliza elimu hii inatibu nini. Mogaka akakitoa kiko mdomoni, akaeleza kwamba sosholojia ni elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja. Obwocha akalifikiria jambo hilo huku akipuliza chai yake, kisha akauliza kama huko Nairobi watu wanaishi pamoja vizuri sana, hata mtu wa Keumbu afunge safari kwenda kujifunzia kwao.

Sasa nieleze habari za ng'ombe, maana bila hao ng'ombe hakuna kisa.

Kwetu sisi, ng'ombe wa mahari hawaji kukaa zizini wapendeze tu. Kila msichana hufungamanishwa na kaka yake mmoja, na ng'ombe wanaomwondoa yeye nyumbani ndio watakaomleta mke wa huyo kaka. Mimi nilifungamanishwa na Mogaka tungali watoto, siku hizo akinitumia kumbebea kuni zake. Nilipoolewa na Angwenyi wa Sironga, upande wa Nyamira, ng'ombe wakaja Keumbu wakiongozwa na baba mkwe mwenyewe. Nawakumbuka wote. Kulikuwa na mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda ikitazama jicho. Kulikuwa na mweusi aliyevaa soksi nyeupe miguu ya nyuma, na dume la madoa lililokataa kuvuka mto mpaka baba mkwe akavua koti akalifunika macho. Na kulikuwa na mtamba wa kijivu, mpole, mwenye kope ndefu, ambaye Mama alimpenda tangu alipoingia, akawa anampelekea maganda ya ndizi kwa siri kama anayeficha dhambi.

Mke wa kuletwa na hao ng'ombe alijulikana. Alikuwa Orpah, binti wa mzee Omwenga wa ng'ambo ya bonde. Orpah na mimi tulikalia dawati moja shule ya msingi. Mimi niliishia hapo nikaolewa, yeye akaendelea hadi chuo cha ualimu, akarudi kufundisha darasa la tatu. Alikuwa na ulimi mkali na mkono safi, na yeye na Mogaka walikuwa wamekubaliana zamani, kabla ya suruali pana. Mimi nilimtaka kuliko mtu yeyote. Mke aliyekuja kwa ng'ombe wako ni wako kidogo pia. Ukija kwenu kutembea, yeye ndiye anayekupokea kikapu kabla hujafika mlangoni, na siku ukikosana na mumeo, yeye ndiye anayekutandikia bila kuuliza utakaa mpaka lini.

Mogaka akapata kazi. Ofisi ya maendeleo ya jamii pale Kisii mjini ilimtaka awe msaidizi, atembee vijijini awahimize watu wachimbe vyoo, kisha avihesabu vilivyochimbwa. Hakuwajibu. Profesa wake alikuwa amemwambia kwamba akitaka kusomea digrii ya pili, ile wasomi wanayoiita uzamili, nafasi ipo, mradi alete utafiti mdogo kutoka kwao aonyeshe anachoweza, na mwaka wa kwanza ajilipie karo. Karo hiyo Tata hakuwa nayo. Alikuwa na majani chai kidogo, alikuwa na migomba, na alikuwa na ng'ombe wangu.

Basi swali likawa hilo moja, likaizunguka nyumba yetu kama kuku anayetafuta pa kutagia: ng'ombe wa Mong'ina, yaani mimi, wamlete Orpah, au wauzwe walete digrii ya pili ya sosholojia?

Mogaka alikuwa na hoja yake, akaitoa kila palipo na mtu wa kuisikiliza, hata kwa waliokuja kuazima jembe. Mtu wa digrii moja, alisema, hutumwa kijijini kuhesabu vyoo. Mtu wa digrii mbili hukaa ofisini akamtuma yule wa digrii moja. Mama alimuuliza huyo wa digrii mbili naye anatumwa na nani. Mogaka akasema na wa digrii tatu. Mama akasema basi aoe kwanza, maana kumbe hizo digrii zinapandana juu mpaka mbinguni, na mbinguni hakuna kuoana.

Tata alikuwa upande wa digrii, ingawa hakusema wazi. Alipenda jinsi neno lenyewe lilivyosikika. Sabato baada ya Sabato alibaki nje ya kanisa na wazee wenzake, na kila mazungumzo yakielekea kwenye mvua au bei ya majani, yeye aliyarudisha taratibu mpaka yakafika kwenye digrii mbili. Hata alipokwenda mjini kununua viatu vya mpira katika duka la Subhash, alimuuliza Subhash mawazo yake. Subhash akamwambia kwamba mpwa wake Haresh amerudi kutoka ng'ambo na digrii mbili, na sasa anapima sukari pale pale alipokuwa akiipimia, isipokuwa siku hizi anawaeleza wateja kwa nini wanakuja kununua sukari. Tata alirudi nyumbani akasema kwamba Subhash anaiunga mkono elimu.

Mwisho Tata akasema wazee wa ukoo watakaa Jumapili fulani baada ya kupanda, waamue. Mogaka akasema ni vizuri, na kabla ya siku hiyo atafanya ule utafiti wa profesa, wazee waone kwa macho yao kazi ya elimu hii.

Hapo ndipo alipoharibu.

Utafiti ulikuwa juu ya familia na ugomvi. Mogaka alivaa tai, akapaka viatu rangi, akaanza kupita boma kwa boma kwenye mlima wote ule wa ng'ambo. Akifika anasalimia, anakaribishwa kiti, anatoa kalamu, anauliza. Nyumba hii ina watu gani? Wasichana ambao hawajaolewa ni wangapi, na wana umri gani? Kuna ugonjwa katika ukoo? Kuna kifafa? Kuna mke aliyewahi kukimbilia kwao, na alikimbia kwa sababu gani? Mnapatana na majirani? Mna ng'ombe wa kutosha?

Mtu yeyote wa kwetu akisoma maneno hayo anajua ni ya nani. Ni maneno ya esigani, yaani mshenga, yule anayetumwa na upande wa mvulana kuchunguza nyumba ya msichana kabla ng'ombe hawajatajwa. Esigani huuliza hayo hayo, na kwa mpangilio karibu huo huo. Mogaka alikuwa ameyasoma mambo ya esigani katika kitabu cha Mzungu, ukurasa mzima, akaufanyia mtihani akapita vizuri. Kwamba yeye mwenyewe, mvulana mkubwa asiye na mke, ambaye zizi la baba yake limejaa ng'ombe wa dada yake, akitembea na tai akiuliza habari za wasichana anaweza kufananishwa na esigani, hilo halikuwa katika kitabu. Na watu nao hawakushangaa kwamba amekuja mwenyewe. Walisema wasomi hawatumi mtu, wanajitafutia.

Basi akapokewa jinsi esigani anavyopokewa. Viwanja vilifagiliwa, vikafagiliwa tena akiwa bado mbali, ili msichana aonekane na ufagio. Babu mmoja aliyekohoa tangu wakati wa vita alibebwa asubuhi akapelekwa kwa jirani, akarudishwa jioni. Mke mmoja aliyekuwa amerudi kwao tangu mavuno alikwenda kuombwa kwa heshima na mume wake, akaja akakaa jikoni alasiri moja, akapuliza moto, akamwita mume wake kwa sauti tamu, halafu akarudi kwao na kitambaa kipya. Kwa mzee Joash, ambaye hakuwa amesemezana na ndugu yake tangu kesi ya mpaka, ndugu wote wawili walikutwa kwenye benchi moja wakimenyeana miwa. Na kila mahali kuku alichinjwa. Ugali wa wimbi, mboga chungu ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa, na kuku, na firigisi juu yake.

Mogaka alinenepa. Jioni alikuja nyumbani akalegeza mkanda, akatuambia kwamba vitabu vimetutukana sana sisi Abagusii. Hapa hakuna ugomvi. Hapa hakuna magonjwa. Ndugu wanapendana, wake wanatulia, na wasichana ni wachapakazi ajabu. Mama, ambaye alizaliwa mlima huo huo na alijua nani alimmwagia nani maji ya moto, alimtazama tu, akamwongezea maji ya kunawa.

Mimi nilipata habari kamili sokoni Daraja Mbili, shule zikiwa zimefungwa. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ndizi zangu, Orpah akaja akasimama mbele yangu, akachukua ndizi moja, akaibonyeza, akairudisha.

"Mong'ina, kaka yako anakagua wasichana," akaniambia, bila hata kuuliza habari za Sironga.

Nikamwambia ni utafiti, wa chuo.

"Kwa Joash amekula kuku. Amemuuliza mama wa yule binti yao Bitutu kama ukoo wao una kifafa. Sasa niambie, mtu anauliza habari za kifafa ili apande mahindi?"

Nikasema labda profesa ndiye anayetaka kujua.

"Basi profesa aje amwoe Bitutu." Akaichukua tena ile ndizi. "Na kwetu hajafika. Mlima mzima amepita, amemruka baba yangu. Mzee anaketi uwanjani na koti la Sabato siku ya Jumatano, anatazama njia. Mama amefunga jogoo mguu mpaka jogoo mwenyewe amechoka kungoja."

Orpah akapunguza sauti, akaniambia lililomleta. Mwalimu mmoja wa upande wa Nyamira alikuwa amemtuma mtu wake kwao, na ng'ombe wake wako tayari. Baba yake amemjibu mtu huyo angoje mpaka ile Jumapili ya wazee wetu ipite. Ng'ombe wa Ombati, yaani wa Tata, wakisikika wameuzwa, au wakisikika wanaelekea kwa Joash, Jumatatu atawapokea wa mwalimu.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi nafundisha darasa la tatu," akasema. "Nimezoea kungoja mtoto aelewe. Lakini kuna siku ya kufunga shule."

Akalipa ndizi, akaenda.

Nikapita Keumbu siku hiyo hiyo kabla ya kurudi Sironga, nikamkuta Mogaka chini ya paa la ghala anapanga karatasi zake. Nikamweleza kila kitu: Joash, Bitutu, koti la Sabato, jogoo. Alicheka. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemvusha mtoto barabara, kwamba watu wa mlima ule wanajua tofauti ya mchumba na mtafiti, kwa kuwa aliwaeleza alipoanza. Nikamuuliza aliwaeleza kwa maneno gani. Akasema aliwaambia kwamba anachunguza familia. Nikamuuliza mbona kwa Omwenga hakufika. Akasema mtafiti hachanganyi kazi na mambo ya moyo, ingeharibu matokeo. Halafu akanyonya kiko chake, na mimi nikaondoka.

Jumapili ikafika. Wazee wa ukoo waliketi uwanjani, na sisi wanawake tukakaa upande wa jikoni, karibu vya kutosha. Nilikuwa nimeruhusiwa kuja kwa sababu ng'ombe walikuja kwa jina langu, ingawa kusema sikuruhusiwa. Zizi lilikuwa pale pale pembeni. Yule mtamba wa kijivu aliweka kidevu juu ya mti wa uzio, akawasikiliza.

Mogaka alisema kwa muda mrefu. Alieleza faida za digrii ya pili kwa nchi, kwa wilaya, kwa ukoo, na alipofika kwenye ukoo wazee wawili walikuwa wamelala. Obwocha hakulala. Alingoja amalize, akamwambia, "Mwana wa ndugu yangu, ya kwanza umekaa nayo mwaka mzima, haijakuzalia hata kifaranga. Nawe unataka kuleta ya pili katika nyumba hiyo hiyo. Hata mwenye wake wengi huona kwanza kama wa kwanza anapika."

Watu wakacheka, na waliolala wakaamka wakacheka pia. Tata hakucheka. Akasema elimu si mke. Akasema amewaza sana, ameomba, na anaona heri ng'ombe wauzwe, kwa kuwa msichana anaweza kungoja lakini chuo hakingoji. Alipokuwa akisema hivyo sikumtazama yeye, nilimtazama Mama. Mama alikuwa anautazama uzio.

Ndipo mbwa wakabweka.

Alikuwa Joash, na mke wake, na binti yao Bitutu amevaa gauni la njano lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Mke wa Joash alikuwa na kikapu cha wimbi kichwani. Wakasalimia, wakakaribishwa, na Joash akasema kwa adabu kwamba wamesikia leo wazee wanakaa, wakaona si vibaya kuja kulisikia neno papo hapo kuliko kungoja liletwe.

Tata akauliza neno gani.

Kabla Joash hajajibu mbwa wakabweka tena. Akaingia baba mwingine kutoka ng'ambo, na binti mwingine, na kibuyu cha maziwa. Nyuma yake wengine, na mkungu wa ndizi, na yule babu wa kikohozi akiwa amebebwa kwenye kiti, maana sasa ukaguzi umekwisha na hakuna haja ya kumficha. Alikohoa kwa raha, kikohozi cha miezi. Wakaketi wote, wakatazamana kwa wasiwasi, kila mmoja akiuliza moyoni mwenzake amefuata nini. Yule mwenye mke wa kuazima alikuja peke yake, akisema mke wake anaumwa jino.

Wa mwisho alikuwa Omwenga. Yeye hakuleta kikapu wala kibuyu. Alikuja na fimbo yake na lile koti la Sabato, akakataa kiti, akasimama mlangoni mwa boma.

"Ombati," akasema, "endelea. Mimi sikuchunguzwa. Nimekuja kutazama tu waliochunguzwa."

Tata alielewa mambo yote mara moja, niliona uso wake ukielewa. Kumlia mtu kuku wa esigani kisha kumwambia ulikuwa unapita tu ni kumwambia nyumba yake imeonekana ina kasoro. Kuwaambia hivyo watu wa mlima mzima, siku moja, mbele ya mabinti zao waliopigwa pasi, ni jambo ambalo wajukuu zetu wangenyimwa maji kwa ajili yake. Akamgeukia Mogaka. Obwocha ndiye aliyeuliza.

"Waambie wageni ulikuwa unatafuta nini."

Mogaka akasimama. Kiko kilimwanguka, hakukiokota. "Nilikuwa nafanya utafiti," akasema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umepata?"

Mogaka akawatazama wale watu wote waliompa firigisi. Nadhani hapo ndipo alipoiona kazi yake kwa mara ya kwanza: ndugu wa Joash hayupo, babu anakohoa, mke anaumwa jino kwao. "Nimepata," akasema.

"Basi mtaje."

Akatazama mlangoni, pale fimbo ilipokuwa. "Orpah," akasema, na hilo ndilo jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutoa tangu aende chuo kikuu.

Omwenga akaomba kiti.

Sikuwahi kuona wanaume wakifungua zizi haraka namna ile. Tata mwenyewe, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameomba akaona heri wauzwe, ndiye aliyeshika fito, maana ng'ombe wasipoondoka siku hiyo mbele ya mashahidi hao, nani angeamini kulikuwa na kuchagua? Wakaondoka mwekundu, na mweusi wa soksi, na dume la madoa likafunikwa macho kwa koti lile lile la Sabato. Mtamba wa kijivu akabaki. Omwenga alitaka wote, lakini Mama alisimama tu mbele ya huyo mmoja na ungo wa maganda mkononi, na Omwenga akasema basi, huyo awe wa bibi harusi kunywea chai. Wageni waliobaki wakachinjiwa beberu, wakala, wakaenda wakinung'unika kwa tumbo lililojaa, na Bitutu akaolewa mwaka uliofuata na yule mwalimu wa Nyamira, aliyekuwa na ng'ombe tayari na hana pa kuwapeleka.

Ndivyo swali lilivyoamuliwa kwetu. Kama digrii ya pili ya sosholojia ina faida au haina, hakuna mzee aliyelijibu siku ile wala baadaye. Kila mmoja alikuwa na shughuli ya kufunga mbwa.

Lakini lilijibiwa, na nitasema lilivyojibiwa.

Mogaka alioa, akachukua ile kazi ya vyoo. Zile karatasi zake alizipeleka kwa profesa pamoja na maneno ya kuomba radhi, na profesa, kwa kuwa aliona ni kazi nzuri na haina mwenyewe, akampa kijana mwingine aliyekuwa na nafasi na hana utafiti. Kijana huyo alikulia Nairobi, hakuwahi kukanyaga Keumbu. Akazisoma, akaziandikia maneno mengi, akapata uzamili kwa sifa. Mwaka wa sabini na saba aliletwa Kisii na gari la serikali na dereva, awe mkubwa wa ofisi. Wa digrii mbili, kumtuma wa digrii moja.

Wiki yake ya kwanza aliita mkutano kwenye baraza la chifu, akawaeleza watu wa Keumbu jinsi watu wa Keumbu wanavyoishi. Alisema utafiti umeonyesha kwamba hapa ugomvi wa nyumbani karibu haupo. Joash alikuwa mstari wa mbele, na ndugu yake mstari wa nyuma kabisa, na kesi yao ilikuwa imefika Kisumu. Wote wawili walipiga makofi. Mogaka alikuwa ameketi chini ya mkubwa wake, naye akapiga.

Baada ya mkutano mkubwa akataka kuona nyumba ya msaidizi wake. Nilikuwapo, nimekuja kumtazama mtoto. Orpah alinipokea kikapu kabla sijafika mlangoni, kama nilivyojua atafanya, akapika chai kwa maziwa ya ng'ombe wa kijivu, ambaye wakati huo alikuwa na uzao wa tatu na kope zile zile. Mkubwa aliisifu chai. Alikuwa kijana mpole, siwezi kumsingizia. Akaangalia nyumba, akaangalia digrii iliyokuwa ukutani na doa la moshi kwenye kioo, akaona afanye kazi kidogo.

"Mama," akamwambia Orpah, "katika nyumba hii, kwa mfano, kuna kutoelewana?"

Orpah hakuwa amesema na Mogaka tangu Sabato iliyopita. Mlango wa choo chao ulikuwa umeng'oka bawaba tangu masika, na Mogaka, ambaye alivijua vyoo vya wilaya nzima na hali ya milango yake, alikuwa akiahidi kuutengeneza kila Jumapili. Chakula alimwekea mezani bila neno. Alizungumza nami, na mtoto, na ng'ombe.

"Hakuna, Bwana," akasema Orpah, kwa ile sauti tuliyofundishwa sote kumjibu esigani. "Tunaelewana sana."

Mkubwa akaandika. Mogaka akalitazama tandiko la meza. Mkubwa akamaliza kuandika, akarudisha kalamu mfukoni, akainama kidogo na kuuliza kwa aibu maliwato iko upande gani.

Hapo Orpah akamgeukia mume wake, akasema naye kwa mara ya kwanza tangu Sabato.

"Mpeleke mgeni," akamwambia. "Na umshikie mlango."